Dola 20, Saa 48

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Si uvivu. Kazini watu wamepunguzwa, na sisi tuliobaki tumegawana kazi za walioondoka, kwa hiyo nikifika geto usiku nguvu niliyobaki nayo ni ya mambo mawili tu: kulala, au kutazama muvi halafu ndiyo nilale. Ndiyo maana leo sina siasa. Leo nataka tupige hesabu ya kukodi sinema mpya, ile ambayo bado inaonyeshwa kwenye kumbi au imetoka humo juzijuzi, na kuitazama ukiwa kwenye kochi lako.

Huko Marekani hesabu hiyo ina bei ambayo sasa imezoeleka: dola 19.99. Unalipa kwa kadi, na ukishabonyeza kitufe cha kuanza unapewa saa 48. Zikiisha, picha inafungwa, hata kama ulisinzia katikati. Ukitaka ibaki kwako moja kwa moja, nyingi ni dola 24.99 au 29.99. Kwa fedha za madafu dola 20 ni kama shilingi elfu 50, inategemea dola imeamka vipi siku hiyo. Elfu hamsini jamani! Uswahilini bado kuna vyumba vya bei hiyo, kwa mwezi, si kwa saa 48. Mimi nilipoiona bei hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Niliacha kucheka nilipoongea na dada yangu. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa, anaishi Ohio na mume wake na watoto watatu, na yeye hukodi picha hizi kila zinapotoka za watoto. Nikamwambia dada, mnaibiwa mchana kweupe. Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe unahesabu kichwa kimoja. Mimi nahesabu vichwa vitano, na mmoja kati ya hivyo anataka kwenda chooni kila dakika kumi."

Hebu tuifuate hesabu yake. Mwaka 2019, kabla ya korona, wastani wa tiketi moja ya sinema Marekani ulikuwa dola 9.16. Takwimu hiyo ilitolewa na chama cha wenye kumbi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikiitwa NATO (si ile ya majeshi, na nadhani walichoka kuulizwa, maana mwaka 2025 walibadilisha jina wakajiita Cinema United). Watu watano mara 9.16 ni dola 45.80. Hapo hujanunua bisi wala soda, na mwenye watoto anajua kuwa kuingia sinema bila bisi ni kutafuta kesi. Kwa hiyo dola 20 zile, ukizigawa kwa watu watano, ni dola nne kwa kichwa. Jirani akija na watoto wake wawili inakuwa dola mbili na nusu.

Ukumbini bei inahesabu vichwa. Nyumbani bei inahesabu mlango. Nyuma ya mlango ule mkiwa kumi au ukiwa peke yako na mto wako, bei ni ileile. Kumbe anayeibiwa si dada. Anayeibiwa ni kapera, mtu kama mimi mwenye chumba kimoja na kompyuta iliyochoka betri, ambaye ukumbini angelipia kiti kimoja.

Sasa bei hii ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipopoteza usingizi wa siku tatu, maana mambo yake ni matamu kuliko baadhi ya picha zenyewe.

Hollywood ilikuwa na utaratibu wake ambao wenyewe wanauita dirisha. Picha ikitoka inakaa kwenye kumbi peke yake miezi miwili na nusu hadi mitatu, halafu ndipo inaruhusiwa kwenda majumbani. Wenye kumbi waliulinda utaratibu huo kwa meno. Mwaka 2011 kampuni ya DirecTV ilianza kukodisha picha siku 60 tu baada ya kutoka, kwa dola 29.99, na ya kwanza ilikuwa ile ya Adam Sandler na Jennifer Aniston, Just Go with It. Haikuvuma. Mwaka huohuo Universal wakataka kujaribu kubwa zaidi. Picha ya Tower Heist, yenye Eddie Murphy na Ben Stiller, ingekodishwa wiki tatu tu baada ya kuingia kwenye kumbi, katika miji miwili ya majaribio, Atlanta na Portland, kwa dola 59.99. Sitini! Wenye kumbi, Cinemark wakiwemo, wakasema sawa, mkifanya hivyo sisi picha hiyo hatuionyeshi. Universal wakanywea. Jaribio likafa kabla hata mtu mmoja hajabonyeza kitufe.

Mwaka 2016 akaja Sean Parker, yule wa Napster, aliyewahi kuwafanya watu wa muziki walie. Safari hii alikuja kwa heshima. Alitaka kuuza kisanduku cha dola 150 unachokiunganisha na runinga, halafu kila picha mpya unaikodi kwa dola 50, siku ileile inayotoka, na wenye kumbi wanapewa fungu lao. Hollywood ikagawanyika. Peter Jackson na J.J. Abrams wakamuunga mkono, James Cameron na Christopher Nolan wakapinga. Mradi ule haukufika popote.

Na wakati walalahoi na watu wa kati wakibishaniwa hivyo, matajiri walikuwa wameshatatuliwa tatizo lao zamani. Kulikuwa na kampuni ya Prima, iliyokuwa ikiuza mtambo wa dola 35,000 wa kufunga nyumbani, na baada ya hapo kila picha mpya unalipia dola 500 kuitazama mara moja. Nilisoma kuwa mtambo wenyewe ulikuwa unasoma alama ya kidole kabla ya kuanza. Dola 500 kwa picha moja, na kidole juu! Sijui ukitaka kurudia pale ulipopitiwa na usingizi wanakwambiaje.

Halafu ikaja 2020. Katikati ya Machi kumbi za Marekani zikafungwa. Siku chache baadaye Universal wakachukua picha zilizokuwa zimekatishwa ukumbini, The Invisible Man, The Hunt na Emma, wakaziweka majumbani kwa dola 19.99. Tarehe 10 Aprili wakaleta Trolls World Tour, katuni ya watoto, ambayo ilikuwa itoke ukumbini. Hakukuwa na mtu wa kugoma, maana anayegoma amefungiwa mlango. Ndani ya wiki tatu katuni ile ikaingiza karibu dola milioni 100 kwa kukodishwa tu.

Ukiitazama juujuu unaweza kusema, mbona Trolls ya kwanza, ya 2016, iliingiza zaidi ya dola milioni 150 kwenye kumbi za Amerika Kaskazini? Kweli. Lakini ukumbini studio inagawana na mwenye ukumbi karibu nusu kwa nusu. Kwenye kukodisha majumbani, katika kila dola, studio inabaki na kama senti 80. Piga nusu ya 150, kisha piga asilimia 80 ya 100. Unaona? Wiki tatu za sebuleni zililingana na msimu mzima wa ukumbini. Yule mtu aliyekuwa akiita wahasibu wa Universal mwezi ule nadhani alikuwa anatabasamu chini ya barakoa.

Wenye kumbi hawakutabasamu. Mkuu wa AMC, kampuni yenye kumbi nyingi kuliko zote duniani, Adam Aron, aliandika barua mwishoni mwa Aprili akisema AMC haitaonyesha tena picha yoyote ya Universal, popote. Maneno makali. Julai, miezi mitatu baadaye, walikaa mezani wakakubaliana: picha ya Universal itakaa ukumbini angalau siku 17, yaani wikiendi tatu, halafu studio ikitaka inaweza kuikodisha majumbani, na AMC inapata kafungu. Kutoka karibu siku 75 hadi 17. Miaka tisa tu nyuma walikuwa wamemnywesha mtu kwa sababu ya wiki tatu hizohizo.

Disney wao walikwenda kivyao. Septemba 2020 waliitoa Mulan kwa dola 29.99, na hiyo ni juu ya ada ya mwezi ya Disney+, yaani unalipa kiingilio cha kuingilia halafu unalipa kiingilio chenyewe. Julai 2021 wakafanya hivyohivyo kwa Black Widow, wakatangaza kwa mbwembwe kuwa wikiendi ya kwanza majumbani imeleta dola milioni 60. Mwisho wa mwezi huohuo steringi wao, Scarlett Johansson, akawashtaki, kwa sababu malipo yake yalitegemea mapato ya kumbi na si ya sebule. Septemba wakamalizana nje ya mahakama. Mimi kesi ile niliipenda. Iliweka wazi swali ambalo watu wa kawaida hawana wakili wa kuliuliza: pesa ikihama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa kwanza anapata nini?

Na hapo namrudia shemeji.

Mume wa dada alikuwa msaidizi wa meneja katika jumba moja la sinema kule Ohio. Silitaji. Si kazi ya kutajirisha mtu, lakini ndiyo iliyomlipia karo ya chuo cha jioni na ndiyo aliyokuwa nayo walipooana. Alikuwa anajua kila kitu cha mle ndani: saa gani ya kuanza kukaanga bisi ili harufu ifike mpaka nje, kiti gani kimelegea, mzee gani huja kila Jumatano asubuhi kutazama chochote kilichopo. Machi 2020 wakafunga. Wakamwambia watampigia simu.

Aliwahi kunieleza jambo ambalo mimi sikulijua. Faida ya ukumbi haiko kwenye tiketi. Sehemu kubwa ya pesa ya tiketi, hasa wiki za mwanzo, inakwenda kwa wenye picha. Ukumbi unaishi kwa bisi na soda, ambazo hakuna wa kugawana naye. "Sisi ni wauza bisi," aliniambia, "ila tuna runinga kubwa." Kwa hiyo familia moja inapobaki nyumbani na dola zake 20, ukumbi haupotezi tiketi tano tu. Unapoteza ndoo ya bisi na vikombe vitano vya soda, ambavyo ndivyo mshahara wa shemeji.

Aprili ile dada alikodi Trolls. Watoto walikuwa wamefungiwa ndani mwezi mzima, mkubwa ana miaka minane, wanapigana kama paka. Hela aliyolipia ilitoka kwenye fedha za kukosa kazi ambazo serikali yao ilikuwa ikitoa wakati ule, yaani kwa lugha nyingine ilikuwa fedha ya mumewe kwa sababu ukumbi umefungwa, ikilipia picha ambayo ukumbi usingefungwa ingechezwa kwake. Dada anasema shemeji hakukaa kutazama. Alibaki jikoni anaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Hakukasirika, hakusema neno. Picha ilipoisha watoto wakataka irudiwe, kwa kuwa saa 48 zilikuwa hazijaisha, ikarudiwa mara nne.

Hawakumpigia simu. Jumba lilipofunguliwa tena lilifunguliwa na watu pungufu, na yeye wakati huo alishaanza kusambaza vifurushi vya watu majumbani. Bado anasambaza mpaka leo. Sasa utasema nani alikosea pale? Dada? Mama mwenye watoto watatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, umwambie angojee ukumbi? Mimi siwezi kumwambia. Dola 20 zile zilinunua utulivu wa siku mbili, na ukimuuliza atakwambia zilikuwa rahisi.

Ila kitu kimoja cha bei hii kinanikera na nitakisema. Ngoja miezi michache, picha ileile inashuka mpaka dola 5.99, ngoja zaidi inaingia kwenye jukwaa ambalo tayari unalilipia kwa mwezi. Picha haijabadilika. Hakuna kilichochakaa. Tofauti ya dola 14 ni ya kutokusubiri. Unalipa ili Jumatatu ukifika kazini usiwe yule anayeziba masikio wenzake wakisimuliana mwisho. Wicked, kwa mfano, iliingia kwenye kumbi Novemba 22, 2024, na Desemba 31 ilikuwa tayari inakodishwa majumbani kwa dola 19.99. Siku 39. Oppenheimer ya Nolan iliwaweka watu miezi minne, kutoka Julai 21 hadi Novemba 21, 2023, kwa sababu bwana yule alishaondoka Warner kwa hasira baada ya wao kuamua picha zao zote za 2021 ziende HBO Max siku moja na ukumbini, na alipokwenda Universal alikwenda na masharti. Kwa hiyo wapo wanaouza haraka na wapo wanaouza subira, na wote wanapata wateja.

Biashara ya kuuza muda si ngeni. Miaka ya themanini kanda moja ya video ya picha mpya Marekani ilikuwa inauzwa hadi dola 80 hivi. Haikuwa bei ya mtu wa kawaida, ilikuwa bei ya mwenye duka la kukodisha. Sheria yao ilimruhusu mwenye duka, akishainunua kanda, kuikodisha mara mia bila kumrudishia studio hata senti. Studio zililia sana. Halafu ikaja Top Gun, 1987, kwa dola 26.95, ikiwa na tangazo la Pepsi mwanzoni, watu wakaanza kununua wenyewe. Baadaye Blockbuster ikatawala na ikafa, yakaja makabati mekundu ya Redbox ya dola moja kwa usiku pale nje ya maduka, na mwaka 2010 studio kama Warner wakawabana nao wasubiri siku 28 kabla ya kuweka picha mpya. Redbox ilifungwa 2024. Kila mara ugomvi ni uleule: siku ngapi.

Huku kwetu tulikuwa na dirisha letu wenyewe, hatukuliita hivyo tu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na chao tangu 1974, tena cha rangi. Kwa hiyo kabla ya hapo mtu wa Dar aliyenunua runinga aliinunua kwa ajili ya deki. Mama amenisimulia jinsi nyumba moja ya mtaani kwao ilivyokuwa na deki, na watoto walikaa sakafuni mpaka nje ya mlango, na mwenye nyumba hakudai hela, alidai muoge kwanza. Ile nayo ni bei. Kanda zilitoka maktaba ya video, unaandikisha jina, unaacha kitu, ukichelewesha unatozwa. Kumbi kubwa za mjini, Empire, Avalon, Odeon, Empress, zikaanza kukosa watu moja baada ya nyingine. Ile ya kutazamia ndani ya gari kule Msasani, iliyofunguliwa 1966, leo mahali pake pana ubalozi wa Marekani. Yaani Hollywood ilitoka, dola ikabaki.

Kibanda umiza je? Huko bei ilikuwa ya vichwa, kama ukumbini. Unatoa chako, unakaa kwenye benchi, jasho la mwenzako ni lako, na picha imetafsiriwa na mtu kama Lufufu ambaye alikuwa anaongeza vituko ambavyo hata mwongozaji hakuvifikiria. Uganda wana VJ Jingo wao, Kenya wana DJ Afro. Mimi bado naamini kuna watu ambao mpaka leo wakimuona Schwarzenegger akiongea kwa sauti yake mwenyewe wanashangaa kaibiwa sauti.

Na siku hizi? Siku hizi kuna yule kijana wa stendi mwenye kompyuta na spika, unampa flashi na buku, anakuwekea picha mbili tatu, mojawapo bado iko Mlimani City kwenye ukumbi ambako kiingilio ni elfu kumi na kitu. Hana dirisha. Hana saa 48. Ukimuuliza kama ile mpya imefika anakuuliza, "Ya kamera au safi?" Ya kamera ni ile iliyorekodiwa kwa simu mle ukumbini, utaona vichwa vya watu wakipita. Safi ni ile iliyoibwa baada ya kuanza kukodishwa majumbani huko Marekani. Ndiyo, dada akilipa dola zake 20 Ijumaa usiku, Jumamosi mchana nakala safi iko kwenye Telegramu na jioni iko stendi. Hilo ni mojawapo ya mambo ambayo wenye kumbi waliyalalamikia tangu mwanzo, na hawakukosea. Siku 17 za Hollywood ndizo siku 18 za stendi yetu. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA ipo, na kijana wa stendi naye yupo.

Mimi sina uso wa kumhubiria kijana yule. Nitakwambia kwa nini.

Kila siku asubuhi, kabla sijafika ofisini, gazeti letu zima, kurasa zote, limeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu mmoja kanunua, au hata hajanunua, kalituma, watu mia wamelisoma bure. Bei inayohesabu mlango, sasa hata mlango wenyewe hakuna. Zamani mitaani kulikuwa na wauza magazeti wanaokukodisha, unatoa hela kidogo, unasoma umesimama, unarudisha bila kulikunja. Tuliwaona wezi. Leo ningempata mmoja ningempa mkono. Yeye angalau alinunua nakala moja.

Nasi tunachouza ni hichohicho wanachouza Universal, kutokusubiri. Habari yangu ya leo kesho inafungiwa vitumbua. Thamani yake iko kwenye saa zile za kwanza, na saa zile ndizo zinazoibwa. Wale wenzetu walioondoka kazini mwezi uliopita, wanne, mmoja ana mtoto wa miezi mitano, hawakuondolewa kwa sababu watu wameacha kusoma. Nilikuwa kwenye daladala la Mbezi wiki hiyohiyo, watu watatu mbele yangu wanabishana kuhusu habari niliyoiandika mimi, kila mmoja ameishika kwenye simu yake. Hakuna aliyeilipia. Sikuwaambia kitu. Ningewaambia nini, nipeni nauli?

Ndiyo maana pamoja na kucheka kote, bei ya dola 20 siioni tena kama wizi. Naiona kama mtu aliyekaa chini akajaribu kujibu: saa za kwanza zina thamani gani, na nani alipe? Jibu lake limemfaa dada, limemuumiza kapera, limemtoa shemeji kazini, na huku kwetu halina maana kabisa, kwa sababu hakuna mtu wa Sinza atakayelipa elfu 50 wakati kwa buku anapata tatu. Wangeweka bei ya kichwa kimoja, dola tano au sita siku ya kwanza kwa mtu anayetazama kwenye simu yake peke yake? Watasema haiwezekani, nitamwalika jirani. Kweli, nitamwalika.

Nilimuuliza shemeji juzi kama sasa naye anakodi. Akasema anaacha dada akodi, yeye hana ubaya nayo. Ila Jumanne moja moja, siku ambayo tiketi zinapunguzwa bei, anamchukua yule mkubwa, ambaye sasa anamzidi urefu, wanakwenda ukumbi mwingine, si ule wa zamani. Mtoto anaona aibu kukaa naye. Picha ikiisha shemeji hatoki mpaka ameokota vikombe na makopo ya bisi ya mstari wao wote, taa zikiwa zimewashwa, na kijana wa kufagia amesimama pale na ufagio wake hajui amwambie nini.